Ubao Tuliougonga Mara Mbili

Vijana wa bendi, siku mliyoniaga, baada ya pilau na hotuba, mliniomba niandike namna tulivyofanya kazi ili nanyi mjue. Nimekaa na ombi hilo muda mrefu. Kila nikianza najikuta naorodhesha kumbi tulizopiga, na kumbi zenyewe nyingi sasa ni maghala ya saruji. Nani alipandishwa kuwa kiongozi na nani alipewa nini, waulizeni wengine. Wapo wanaokumbuka hayo kuliko wanavyokumbuka nyimbo. Mimi nitajibu maswali mawili mliyoniuliza miaka yote nikawa nacheka tu. La kwanza, kwa nini magitaa yetu yalikuwa chini kidogo ya kinanda, hata kila mpiga kinanda aliyekuja kuomba kazi akaondoka ameshika kichwa. La pili, ile ngo, ngo ya mti mwanzoni mwa kila wimbo tuliorekodi. Mnadhani ni mpiga dramu anahesabu kwa fimbo zake. Si yeye, ni mimi.

Niliingia bendi mjini Kigoma nikiwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Siku ya kwanza sikugusa gitaa. Nilibeba tumba, nikapanga spika, nikakunja nyaya. Kiongozi wetu, Mzee Sadala, mpiga besi, alinitazama nikizungusha waya kwenye kiwiko kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi, akaninyang'anya. Alinionyesha kuukunja mduara mmoja huku na mmoja kule, ili usijinyonge ndani. Hadi leo nikimwona mtu anakunja waya kwenye kiwiko namnyang'anya.

Baada ya muda akanipa gitaa la ridhimu, na pamoja na ridhimu akanikabidhi kazi ya kutyuni bendi nzima. Tulikuwa na filimbi ndogo ya bati yenye matundu sita, tundu moja kwa kila uzi wa gitaa. Unapuliza, unakaza, unasikiliza, na wote wanafuata wewe. "Ukiipoteza hii," Mzee Sadala aliniambia, "utatuimbia mwenyewe hizo sauti, na sauti yako naijua." Nililala nayo chini ya mto.

Safari ya Kongo ilikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwenyeji mmoja wa Lubumbashi alitualika, tukazunguka kwa upande wa Zambia na basi letu bovu. Lubumbashi watu walicheza. Likasi walicheza. Fungurume tulipiga kando ya barabara, madereva wa malori wakashuka wakacheza na taa zimewashwa mchana kweupe. Kolwezi tulikuta watu wameketi. Mitambo mingi ya mgodi ilikuwa imesimama, na wanaume waliozoea kuitwa kazini na king'ora walikuwa wamekaa vibarazani wakitazama barabara. Walitupigia makofi kwa adabu, kama watu walio kanisani.

Giaboksi ya basi ikafa hapo hapo. Kipuri hakikupatikana ila Lubumbashi. Mzee Sadala akaamua kuondoka na wenzangu wote kwa lori, wakapige kule kwa vyombo vya kuazima wakati kipuri kinatafutwa. Mtu mmoja alipaswa kubaki na basi, spika na ngoma zetu katika ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi.

"Utabaki wewe," akasema. "Hujaoa. Ukichelewa kurudi hakuna atakayenililia mlangoni."

Filimbi akaichukua, maana angeihitaji. Lori likaondoka, nami nikarudi ndani ya ukumbi.

Nataka nilieleze hili vizuri, kwa sababu ninyi mna simu mfukoni na hamjawahi kuwa peke yenu hata chooni. Ukumbi wa muziki ukiwa hauna watu unakuwa mbaya kuliko chumba chochote kitupu. Unakohoa, unasikia kikohozi kinakurudia. Nilipanga vyombo jukwaani kama vile tutapiga, nikavifungua, nikavipanga tena. Siku zikageuka majuma na hakuna habari kutoka Lubumbashi. Nilianza kuzungumza na spika.

Mbele ya ukumbi aliuza chakula mama mmoja wa watu wa kaskazini mwa mkoa huo wa Katanga, Mama Agnès, mnene, mwepesi wa kucheka. Alinipikia bukari, ndiyo ugali wa kwao, na sombe, yaani kisamvu. Kiswahili changu kilimfurahisha sana. "Weye unasema kama redio," alikuwa akiniambia, na kuwaita wenzake waje wasikie. Siku moja hakucheka.

"Tata, unakulaka peke yako kila siku. Hauna bantu?"

"Watu ninao, mama. Wako Lubumbashi."

"Beko Lubumbashi, weye uko hapa. Basi hauna." Akaniongezea sombe. "Enda kule nyuma ya kiwanja, kwa Tata Mukendi. Kuko madimba. Utasikia bantu."

Nilikuwa nimeyasikia madimba, ndiyo marimba ya kwao, tangu siku za kwanza, kwa mbali, nikidhani ni redio ya mtu. Nikafuata sauti. Nilipita wauza makaa na baiskeli zao, mafundi viatu, wanawake waliotandaza nyanya chini kwa mafungu, hadi kwenye nyumba ya matofali mekundu. Nikasimama mlangoni nikapiga hodi. Msichana mwenye mtoto mgongoni akatoka, akatikisa kichwa.

"Apana vile. Gonga mama."

Pale kizingitini, juu ya kigoda, palikuwa na madimba marefu: safu ya mbao zilizofungwa kwa kamba, na chini ya kila ubao kibuyu. Alinipa fimbo yenye mpira kichwani, akanionyesha ubao mmoja mweusi wa katikati. Nikaugonga mara mbili. Kutoka ndani sauti ya mzee ikajibu, "Karibu, baba."

Huyo ndiye Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi, fundi wa karakana ya magarimoshi ya mgodi, mfupi, mikono mikubwa, miwani imefungwa kwa uzi. Msichana alikuwa binti yake, Ngalula. "Ukibisha hodi unaniita miye," alinieleza. "Ukigonga mama, unasalimia nyumba yote." Ulikuwa ni utaratibu wa nyumba hiyo tu, majirani walishauzoea, hata padri aligonga.

Ubao ule mweusi waliuita mama. Baba yake Tata Mukendi alikuja nao kutoka mkoa wa Kasai, ndani ya nguo zake, alipoletwa na wenzake kufanya kazi mgodini. Zile nyingine zote zilichongwa Kolwezi, kwa mti wa mukula, na zote zilipata sauti zao kwa kuusikiliza ule mmoja. Ubao ukiwa juu, unabandikwa nta kidogo chini yake, unashuka. Ukiwa chini, unachongwa nchani, unapanda. Mama hakuguswa kwa nta wala kwa kisu.

Siku ya pili nikaja na gitaa. Kwanza nilifanya kosa la watu wa spika. Madimba yale yalikuwa na mkwaruzo, zzz, nyuma ya kila sauti, nami nikajua mara moja kuna kitu kimepasuka. Nikainama, nikakuta kila kibuyu kina tundu dogo lililozibwa kwa kitu cheupe chembamba kama karatasi ya sigara. Nikamwambia Tata Mukendi kwa huruma kwamba nina gundi nzuri, naweza kumzibia vizuri mkwaruzo uishe. Alimtazama binti yake. Ngalula alilazimika kumtua mtoto ili acheke. Ile ilikuwa ngozi ya mayai ya buibui, mzee anaibandua ukutani, anaibandika kwa nta makusudi ili madimba yalie hivyo.

"Ukitosha ile, ukiiondoa, inabaki miti inagongana," Tata Mukendi akasema.

Halafu tukajaribu kupiga pamoja, ikawa vurugu. Sauti ya gitaa langu ilikuwa juu ya madimba, kidogo tu, kiasi cha kuumiza meno. Nikamwomba apandishe. Akaniuliza, apandishe mama? Nikasema ndiyo, amchonge kidogo tu. Hakukasirika. Aligonga ule ubao, akangoja, akagonga tena, akangoja, mpaka nikaelewa ni mimi ninayengojwa. Nikalegeza nyuzi zangu zote sita, mmoja mmoja, nikamfikia.

Kuanzia hapo kila siku nilikuwa pale. Tata Mukendi alikaa upande mmoja wa madimba, Ngalula upande wa pili na mtoto mgongoni, mimi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Waliopita njiani walisimama, wengine wakaingia kucheza na vikapu vyao vya sokoni kichwani. Nimepiga mbele ya mawaziri na mbele ya viwanja vilivyojaa. Sijawahi kupiga vizuri kama nilivyopiga juu ya ile ndoo.

Kisha yakaja yale mliyosoma au msiyoyasoma. Ilianza kwa maneno sokoni, kwamba watu wa Kasai ndio wamekula kazi zote za Katanga, na sasa kazi zimekwisha warudi kwao. Vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba kwamba bilulu, yaani wadudu, watoke. Walikuwa na ngoma, na jambo linalonisumbua kuliko yote ni kwamba walizipiga vizuri. Kuna nyumba zilivunjwa, kuna zilizochomwa. Majirani waliokuwa wakigonga ule ubao wakaacha kupita njia ile. Ni Mama Agnès tu aliyeendelea kupita, ila naye alitembea haraka.

"Banasema turudi kwetu," Tata Mukendi aliniambia, akifungua kamba za madimba. "Kurudi ni ya mutu mwenye alishaka kufika. Miye Kasai sijafikaka hata siku moya. Nilizaliwa hapa."

"Kwa nini unayafungua?"

"Yakiwa madimba, batayavunja. Yakiwa kuni, nani anaangalia kuni?"

Alizifunga mbao kama mzigo wa kuni, Ngalula akajitwisha. Vibuyu vikabaki kwa Mama Agnès. Wakaenda stesheni, kama wenzao wote.

Stesheni ya Kolwezi siku hizo ilikuwa mji mwingine. Watu walilala relini, chini ya milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao, chini ya meza, chini ya nailoni, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua inakuja lini. Mimi nilipita bila shida. Vijana waliolinda njia walinisikia nikiongea, wakacheka, "huyu wa redio," wakaniachia. Kila siku nilipeleka maji na bukari aliyopika Mama Agnès. Yeye mwenyewe hakuthubutu kwenda. Wajomba zake walimwonya. Alikuwa akifunga sahani kwa kitambaa cha kanisani, anafuta macho, ananiambia niende upesi kabla haijapoa.

Siku moja Tata Mukendi alitoa ubao mweusi kwenye mzigo wa kuni akaniwekea ndani ya shati. "Weye habakupekui," alisema. "Ushike mpaka treni." Nikaushika. Treni ilipokuja, mabehewa ya wazi ya kubebea madini, nilisukumana na watu hadi nikawaona juu, Ngalula na mtoto, mzee amekalia mzigo wake. Nikaunyoosha ule ubao juu kadiri mkono ulivyofika. Aliinama, akaugusa, akaurudisha kwangu.

"Apana. Shika."

"Tata, ni wako!"

"Sikia. Tukibeba byote pamoya, bikapotea, ni kwisha. Hizi mbao zinajua sauti ya mama. Mama anajua sauti yao. Miye nashika hizi, weye shika ile. Chenye kitabaki kitatuonyesha kingine. Utatuletea, ao tutakuya kuchukua."

"Wapi?"

"Mwene-Ditu, kule Kasai. Ao popote. Tutatafutana."

Nilitembea kando ya behewa mpaka ikabidi nikimbie, kisha mpaka nikashindwa. Nilirudi ukumbini nikakaa jukwaani katikati ya ngoma zetu. Nililia kwa sauti, na ukumbi ukanirudishia kila kilio.

Wenzangu walirudi na giaboksi, wamekonda, wananuka mafuta. Filimbi ilikuwa imepotelea Lubumbashi. Mzee Sadala alianza kueleza, akaacha. Tulipofika mpakani wenyeji wakatuomba tupige kidogo, tukawa hatuna cha kutyunia. Nikautoa ubao nikaugonga.

"Uko chini huo," Mzee Sadala akasema mara moja.

"Ndio tulionao, Mzee."

Mpiga saksafoni alilalamika hadi koo likamkauka, ila aliuvuta mdomo wa saksafoni nje kidogo, ikashuka, ikakubali. Vijana, kwa bendi ya magitaa si jambo gumu. Tarumbeta unavuta bomba, saksafoni unavuta mdomo, nyuzi unalegeza. Kinanda tu ndicho kisichosogea, ndiyo maana hatukuwa nacho. Kigoma tulinunua filimbi mpya. Niliitia mfukoni nikaendelea kugonga ubao, na Mzee Sadala, ambaye hakuwa mtu wa kuuliza maswali mawili juu ya jambo moja, aliniuliza mara moja tu.

"Ni wa nani?"

Nikamwambia. Tuliporekodi mara ya kwanza baada ya safari ile, fundi mitambo alitaka kuzikata zile ngo mbili za mwanzo, akizidhani ni uchafu wa mkanda. Mzee Sadala akamwambia aziache, la sivyo tunafungasha. Tangu siku hiyo kila wimbo ulianza hivyo, nao ndio utaratibu mliourithi bila kuambiwa sababu. Sababu ilikuwa redio. Redio yetu ilifika mbali, na nilitaka watu fulani wakiwa popote wasikie mlango wao unagongwa, wajue mama hajapotea.

Nilijaribu kuupeleka. Nilivuka ziwa hadi Kalemie, nikakuta treni haiendi. Mara nyingine vita vilikuwa mbele yangu, mara nyingine ndani ya nchi nzima. Niliwauliza wafanyabiashara wa Kikongo pale bandarini Kigoma mpaka wakawa wakiniona wananikwepa. Miaka ikaenda na muziki. Mzee Sadala akafa, nikawa mzee mimi. Nilioa, mke wangu akatangulia, watoto wakahama, na ule ubao ukawa kitu pekee nyumbani kilichonijibu nikikigusa.

Nilipostaafu sikuwa na haraka tena ya kurudi popote, nikaenda Kolwezi. Ule ukumbi sasa ni mahali pa kununulia mawe ya madini. Barabara imejaa malori, na watu wanachimba hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Mama Agnès nilimkuta, haoni vizuri, ila aliposikia nikimsalimu akapiga kelele, "Redio!" Kutoka kwake nilipata habari kwamba Ngalula alirudi zamani, anauza vitambaa, anakaa mtaa ule ule. Mjukuu wa Mama Agnès akanionyesha geti, la bati, limefungwa.

Nilitoa ubao kwenye mfuko nikaushika kwa kamba yake, nikaugonga mara mbili.

Ndani palikuwa na kelele za sufuria. Zikanyamaza. Alipofungua hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu. Alikuwa mama mzito mwenye mvi, mzee kuliko baba yake alivyokuwa siku ile ya treni. Alichukua ubao akaupakata, akakaa nao chini pale pale getini, nami nikakaa.

"Mbao zingine ziko wapi?" nikauliza.

"Tulipika nazo." Alisema bila haya. "Kwa njia, treni ilisimama mu mvua, siku nyingi. Mutoto alikuwa na homa. Kuni hapana. Tata alianza na ile ya pembeni kabisa. Alikuwa anagonga kila moya mbele ya kuitia mu moto, anasikiliza, kiisha anatia. Ya mwisho tulipikia mutoto uji. Ule mutoto njo anaendesha lori sasa, kule Fungurume."

"Hakuchonga nyingine?"

Ngalula aliufuta ubao kwa kanga.

"Bantu balimuletea miti mizuri, kule Mwene-Ditu. Alikuwa tayari kuanza, kisu alishanoa. Kiisha siku moya, pa soko, redio ya mutu ikalia: ngo, ngo. Tata alisimama. Alisema, 'Mama iko muzima. Yule wa Kigoma anakuya.' Akagawa ile miti. Nilimuambia, Tata, chonga tu, utachonga tena akifika. Akasema, 'Mama iko njiani, miye nitafundisha mbao na sauti gani ingine?' Kila wimbo wenu ukilia, anasema, 'Sikia, anabisha.' Alingoya vile mpaka alikufa. Hakugusa tena madimba."

Niliinama nikafunika uso kwa mikono. Miaka yote ile nilidhani nawapelekea faraja. Ngalula aliniona, akaniwekea mkono begani.

"Alikuwa anafurahi, ndugu yangu. Kila mara. Usilie vile."

Lakini nililia. Hadi leo sijui nilimpa mzee yule nini na nilimnyima nini, na hakuna wa kuniambia.

Ngalula hawezi kuchonga; alijua upande wake tu wa madimba, upande wa pili ulikwenda na baba yake. Tuliutundika ubao getini kwa kamba, na fimbo pembeni. Tukiwa bado tunakula, mgeni mmoja alifika, mteja wa vitambaa. Aliupita ule ubao, akapiga bati kwa ngumi.

Basi, nimejibu. Kukunja nyaya mnajua, kubeba tumba mnajua. Kinanda mlichokuwa mkikitamani, kileteni, na magitaa yapandisheni yakifuate. Zile ngo mbili mwanzoni mwa nyimbo ziacheni sasa. Hakuna tena anayengoja kuzisikia.